TAHADHARI: Muuza injini za Land Rover Ilala, nimeingizwa mjini mchana kweupe

Wakuu habari za saa hizi. Naandika huku mikono inanuka dizeli na roho inaniuma kweli kweli. Najua kuna watakaonicheka, chekeni tu, ila someni mpaka mwisho maana jamaa bado yupo na jana tu kaposti injini nyingine. Na kama humu kuna anayemjua mke wangu naomba afunge domo, hela ya uzio wa kiwanja anajua bado ipo benki.

Bibi, Land Rover yangu, mnamjua, sina haja ya kueleza sana. One Ten ya 1987 ya marehemu mzee, dizeli 2.5 isiyo na turbo, na yaliyotokea mlima wa Kitonga Desemba injini ilipomshinda mnayajua vizuri, wengine mlikuwepo mnaweka mawe kwenye matairi. Baada ya pale nikaapa ile injini sitaisuka tena, Bibi anapata 300Tdi, ile injini ya dizeli yenye turbo, na giaboksi yake R380. Najua, najua, mlinishauri nitafute 200Tdi, ile iliyotangulia 300, maana inakaa kwenye giaboksi ya LT77 niliyonayo bila usumbufu. Mimi nikang'ang'ania 300 kwa sababu nilishasoma miezi mitatu usiku usiku nikajiona nimeiva. Tangu zile Land Rover zilivyojipanga kwenye tamasha la Arusha Oktoba 2024 mimi sikuwa mtu wa kawaida tena, nakiri.

Sasa sikilizeni nilivyopigwa.

Jamaa nilimpata mtandaoni, picha safi, bei haijapaa sana. Tukaongea wiki nzima kwa simu. Hana haraka, hanisukumi, hataki hata advansi, ananiambia "kaka njoo uone kwa macho yako, ukiridhika ndio tuongee hela, mimi sio wa kutumiwa hela na mtu asiyeona mzigo." Niambieni tapeli gani anaongea hivyo? Tapeli tunayemjua sisi ni yule wa tuma kwenye namba hii. Nikapanda treni ya SGR ya asubuhi toka Morogoro, kabla ya saa nne niko Ilala.

Yadi yenyewe sio kichochoro, ina geti, ina kontena, injini zimekalishwa juu ya matairi mstari mzima, vijana wanafanya kazi. Jamaa mtu wa makamo, ovaroli safi, kalamu sikioni. Ananiita bosi. Akanipeleka kwenye injini ya kwanza, 300Tdi imeng'arishwa utadhani inaenda harusini, milioni 6. Mimi nimeshaipenda. Akaniangalia hivi, akashusha sauti vijana wasisikie, akasema "kaka hii usichukue." Nikamuuliza kwa nini. Akafungua kifuniko cha oili akanionyesha upande wa chini, ute mweupe umeganda mule. "Unaona? Kama chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili, hedi imekwisha hii. Mimi sitaki kukuuzia uchafu halafu kesho unanitukana."

Wakuu pale ndipo nilipokufa. Mtu anayekataa kukuuzia kitu chake mwenyewe utamshuku vipi? Nilijisikia kama nimepata ndugu Dar.

Ndio akanipeleka nyuma ya kontena, akafunua turubai la bluu. Injini imekaa juu ya tairi na giaboksi yake, anasema imetoka kwenye Discovery iliyopata ajali Uingereza, imekuja na kontena mwezi uliopita. Akaanza kunieleza zile 300 za mwanzo zilivyokuwa zinakula taimingi belti kwa sababu puli hazikukaa sawa, akafungua kava akanionyesha belti inapita katikati, akasema hii imeshafanyiwa yale marekebisho ya kiwandani. Mimi nilikuwa nimelisoma hilo jambo siku mbili kabla! Nikadakia nikamwambia na ile gasketi ya nyuma ya pampu ya maji vipi, na zile plagi za plastiki za juu ya rejeta na kwenye thamostati, zimebadilishwa za shaba? Akasimama. Akanitazama kama mwalimu aliyesikia jibu zuri. "Eeh, kumbe wewe fundi. Wateja wanaokuja hapa hawajui hata rejeta iko wapi."

Toka hapo akaacha kuniita bosi akawa ananiita fundi. Mimi ambaye mpaka Januari nilikuwa siwezi kutofautisha nozeli na plagi ya kupashia. Fundi! Nikavimba kichwa kama andazi.

Kijana akaleta betri ya Fuso na dumu la dizeli la lita 5, wakaunga mpira, wakagusisha waya kwenye stata. Mara moja tu. Hata sekunde haijaisha, inanguruma. Moshi hakuna. Nikaweka mkono juu ya kava ya valvu, ina joto zuri, haitetemeki sana, na jamaa akasema "niliiwasha asubuhi nikaikagua, sikutaka upoteze muda wako." Nikaona huyu mtu ana heshima. Dakika mbili akaizima, "haina rejeta, tusiichome." Akili kabisa! Nikatikisa kichwa kama mzee wa baraza. Nikarekodi video, nikaituma kwenye grupu letu na maneno "mtoto kalia kiti". Mliweka zile alama za moto mnakumbuka? Hata mmoja hakuuliza kitu, kwa hiyo sio mimi peke yangu mjinga, tuwe wakweli.

Bei ilianza 9.5, tukaishia milioni 8 na laki 2 na giaboksi. Nikatuma kwa simu kwa mafungu, jina linatokea la mwanamke, nikauliza, akacheka akasema huyo ni shemeji yangu ndio anashika hesabu. Risiti ya mkono, chini imegongwa muhuri BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikaikunja nikaweka kwenye waleti kama cheti.

Mzigo ukafika Moro kwenye Fuso usiku wa Jumamosi. Asubuhi Mzee wa gereji akaja na kikombe chake cha chai, akaizunguka mara moja, akainusa. Kweli, akainusa. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Uliikuta ya moto au ya baridi?"

Nikamjibu kwa majigambo, ya moto Mzee, iliwaka mara moja tu, kugusa tu.

Hakusema kitu. Akanywa chai yake.

Wiki mbili tukahangaika kuikalisha, mauntingi za kuchomelea, propela shafti kurekebishwa, mabomba ya rejeta, hapo laki 9 nyingine imeondoka na sihesabu nauli. Siku ya kuwasha ilikuwa saa 12 asubuhi, na Morogoro kukiwa na kabaridi ka mlimani. Stata inazunguka, inazunguka, inazunguka, moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi kama mtu anachoma mkaa mbichi, hakuna kitu. Tukachaji betri. Mara ya nne ikawaka kwa kuvutavuta miguu, inagonga, nikamwambia Mzee itakaa sawa ikipata moto. Na kweli ilikaa sawa ikipata moto! Ndio ujanja wenyewe, injini iliyochoka kompreshni ikishapata joto inawaka kama mpya, ikilala inakuumbua. Dakika kama 15 hivi Mzee akaniambia shika mpira huu wa juu wa rejeta. Mgumu kama mti, presha ya silinda inavujia kwenye maji. Kabla sijauliza, kichupa cha maji kikatapika.

Tukafungua hedi. Hedi ya hii injini ni aluminiamu, ikichemshwa inapinda, na hii ilikuwa imepinda na ina ufa katikati ya valvu silinda ya tatu, unaingiza ukucha. Hilo ningevumilia, hedi inatafutwa. Kisha Mzee akachukua bisibisi akaanza kukwangua rangi ubavuni mwa bloku, pale pale alipoinusa siku ya kwanza. Rangi ikatoka, chini yake kitu cha kijivu laini kinabanduka kama ugali wa jana. Gundi ya chuma. Kiraka kirefu kama kidole changu cha kati, na chini ya kiraka bloku imepasuka. Bloku, wakuu. Chuma cha kutupwa. Nikakaa chini kwenye oili na suruali ya kazini.

Giaboksi sasa. R380 inatumia oili nyepesi, tukafungua nati ya chini ikatoka kitu kama asali nzito, nyeusi, na ndani yake vumbi la mbao. Stori za wazee za kuweka ndizi kwenye difu isipige kelele mimi nilijua ni utani wa kijiweni. Ni kweli jamani, watu wanafanya. Beringi zote zimekwisha.

Nikampigia. Mara ya kwanza kapokea vizuri, "pole sana fundi, hapo fundi wako ndiye kaichoma." Nikamtumia picha ya kiraka. Alama mbili za bluu. Kimya. Jioni kanibloku.

Sasa sikilizeni hii. Nikachukua laini ya shemeji yangu nikampigia kama mteja mpya natokea Dodoma, nataka 300Tdi. Karibu sana bosi. Njoo uone kwa macho yako, mimi sio wa kutumiwa hela na mtu asiyeona mzigo. Tukaenda hivyo hivyo, akanitumia na video, anaonyesha injini ya kwanza, anafungua kifuniko cha oili, anashusha sauti: "kaka hii usichukue, mimi sitaki kukuuzia uchafu." Neno kwa neno!! Ile injini ya chai ya maziwa haiuzwi, ipo pale kazi yake ni kukataliwa. Halafu kamera ikageukia nyuma ya kontena, turubai lile lile la bluu.

Nilitetemeka wakuu, siwadanganyi. Mimi nilidhani ni undugu kumbe ni mchezo una mazoezi.

Huyu mtu asiachwe. Mjomba wangu wa sheria anasema kujipatia mali kwa udanganyifu ni Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302, miaka 7 jela. Mimi nasema miaka 7 ni midogo. Afungwe, na kabla ya kufungwa apelekwe Kitonga, Bibi awekwe na ile injini yake, na yeye ndiye awe anaweka mawe kwenye matairi mpaka juu. Na shemeji yake mshika hesabu amletee maji. Ripoti nimeshaandikisha polisi, kumbukumbu ya kesi ninayo. Wangapi wameumizwa wakanyamaza kwa aibu kama mimi nilivyotaka kunyamaza? Kama na wewe umelizwa na mtu mwenye turubai la bluu nicheki inbox, tukiwa wengi atajua hajui. Jina lake siliweki hapa kwa sababu ya kesi, atakayeniuliza faragha nitamwonyesha ile video ajilinganishie.

Mnaouliza dalili, basi haraka haraka kwa sababu nina hasira. Rangi mpya kwenye injini ya zamani, ya nini? Namba ya injini kwenye bloku ilikuwa imesagwa na kugongwa upya, tarakimu zimelewa, moja iko juu moja chini, niliiona kabisa siku ile nikasema ah mambo ya kontena, sasa hata ingekuwa nzima kwenye kadi ya gari ningeandikisha nini TRA? Jina la hela sio la muuzaji. Risiti ya mashine ya EFD hakuna. Injini kuzimwa baada ya dakika mbili, hapo mwambie afunge rejeta au hata dumu la maji uisikilize nusu saa, na kifuniko cha maji ukifungue mapema ikiwa bado ya baridi uone kama maji yanatoa mapovu. Giaboksi chomoa nati uone kinachotoka, dakika tano tu. Na kubwa ni hiyo ya moto na baridi. Kuna nyingine nimezisahau, nitaongeza kesho nikitulia.

Wa Ilala wengine msinikasirikie, stata na altaneta nimenunua hapo hapo mtaa wa pili kwa mzee mmoja na mpaka leo zinapiga kazi, ndio vitu pekee vizima kwenye Bibi.

Kwa sasa ile 2.5 ya marehemu mzee nimeitoa stoo, Mzee wa gereji kaipima kasema pistoni na ringi zikibadilishwa itatembea, sio mbio lakini itatembea. Ila kama kuna mwenye 200Tdi nzima, haya, nimeshanyooka, nawasikiliza sasa. Aniandikie iko wapi. Nitakuja saa 11 alfajiri bila kupiga simu, na nikiikuta ina joto narudi nyumbani.