Fimbo Ipi Ununue kwa Uvuvi wa Nzi Kisiwani Mafia

Ukienda Mafia mwenyewe, bila kampuni ya utalii, ujue kwamba Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, utapata ndoana, nailoni na chubwi. Fimbo ya kutupia nzi wa bandia, ile ndoana iliyofungwa manyoya, uje nayo. Kitakachovunjika huko kimevunjika, kwa hiyo chagua vizuri ukiwa bado nyumbani.

Fimbo hizi huuzwa kwa namba: namba ikipanda, fimbo hubeba mshipi, yaani uzi mnene unaorushwa pamoja na nzi, mzito zaidi. Chukua ya futi 9 yenye vipande 4, maana ndege ndogo za kutoka Dar zinabana mizigo, na hata ukipita bandari ya Nyamisati kwa boti, fimbo ndefu ni usumbufu.

Ya kwanza kwangu ni namba 9. Wengi watakuambia 8, kwa sababu ndiyo inayosifiwa kwa samaki wa maji mafupi. Mimi nasema upepo ndio unaoamua. Kusi likivuma, namba 8 inarudisha nzi usoni mwako, ilhali 9 inapasua upepo na kufikisha nzi mzito mbele ya kolekole wa kilo tatu au nne. Changu naye anakamatika nayo bila shida. Kama pesa inatosha fimbo moja tu, ni hii.

Ya pili ni namba 12, lakini iwe ya nyongeza. Kolekole wakubwa wa kwenye mikondo hupita kilo 20, na akielekea kwenye mwamba ni nguvu ya fimbo tu itakayomgeuza. Inachosha mkono vibaya. Ibebe ikiwa imeshafungwa nzi, uitumie ukimwona samaki.

Namba 8 naiweka ya tatu, kwa asubuhi tulivu za kaskazi. Namba 10 ni ya nne: inafaa ukivua juu ya mashua, lakini kwa anayetembea majini siku nzima haimpi kitu ambacho 9 haimpi. Ile namba 5 au 6 uliyovulia trauti kwenye mito ya Mlima Kenya iache nyumbani pamoja na rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Chumvi itaila.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumaliza pesa kwenye fimbo na kununua rili ya bei ya chini. Breki yake iliingia mchanga na maji siku ya pili, ikakwama, na kolekole akaukata uzi. Tangu hapo, kwenye kila shilingi 10 natoa 3 kwa fimbo, 4 kwa rili na 3 kwa mshipi. Rili iwe na breki iliyozibwa maji yasiingie, na ibebe uzi wa akiba usiopungua mita 200 nyuma ya mshipi.

Mshipi nao uwe wa maji ya joto. Ule wa maji baridi hulegea juani, ukanata kwenye pete za fimbo, na hautupiki. Nunua na waya mwembamba wa kufungia mbele ya nzi, kwani mzia na nguru hukata uzi wowote kwa meno.

Kabla ya kulipia chochote, tazama kalenda ya mwezi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji hutoka mbali sana, kisha samaki huingia nayo yanapoanza kujaa. Hayo ndiyo masaa yako. Ulizia pia kibali: Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995, na ndani yake kuna sehemu zisizovuliwa kabisa. Viatu viwe vya soli ngumu kwa ajili ya miiba ya baharini.

Pesa ikibaki, nunua kipande cha pili cha ncha kwa fimbo yako ya namba 9. Ncha ndiyo huvunjika kwanza.