Muziki kwenye slaidi za mahafali: uzoefu wangu na PowerPoint

Nafundisha sekondari hapa Tanzania, na kila mtihani wa kidato cha nne wa mwezi wa kumi na moja unapokaribia, slaidi za mahafali huwa kazi yangu. Picha za wanafunzi tangu wako kidato cha kwanza na sare zinazowapwaya, picha za maabara, za michezo, za ziara, zote zinatakiwa zipite ukutani wakati wazazi wanamsubiri mgeni rasmi. Zikipita kimya, watu wanapiga soga zao na hakuna anayetazama. Muziki ukiwa mzuri, ukumbi mzima unatulia. Ninachotumia ni PowerPoint 2016 kwenye kompyuta ya shule, na kwa mazingira yetu sijaona cha kuizidi.

Kinachonifurahisha zaidi ni kitufe kimoja. Ukiwa kwenye slaidi ya kwanza, fungua Insert, bonyeza Audio, kisha Audio on My PC, chagua wimbo. Itatokea alama ya spika. Ibonyeze, halafu nenda kwenye Playback pale juu, ubonyeze Play in Background. Basi. Wimbo utaanza wenyewe, utaendelea slaidi zikibadilika, utajirudia ukiisha, na ile alama ya spika haitaonekana ukutani. Walimu wengi huishia kwenye kuingiza wimbo tu. Slaidi ya pili ikija muziki unakatika, wanakata tamaa na kuomba mtu apige nyimbo kwenye simu pembeni. Hakuna haja hiyo.

Hapo hapo kuna Trim Audio ya kukata utangulizi mrefu, na Fade Duration ya kuufanya muziki upande taratibu na kushuka taratibu. Mimi huweka sekunde 3 mwanzoni na 5 mwishoni. Ila jueni kwamba kushuka huko hutokea wimbo unapoisha, si picha zinapoisha, kwa hiyo lazima viwili hivyo vifike pamoja. Hesabu yake ni nyepesi: wimbo wa dakika 4 ni sekunde 240, na picha ikikaa sekunde 6, unahitaji picha 40. Unaziweka hizo sekunde kwenye Transitions, sehemu ya After, unabonyeza Apply To All, kisha unaondoa tiki kwenye Loop until Stopped ili wimbo usianze upya. Mbwembwe za slaidi kubadilika nazo zinakula muda, hivyo pitisha zote mara moja ukiwa na saa mkononi kabla hujasema umemaliza.

Ukitaka nyimbo mbili, njia ya ndani ya programu ipo: unaiambia sauti ya kwanza isimame baada ya idadi fulani ya slaidi. Inafanya kazi, lakini ukiongeza picha moja dakika za mwisho, na mkuu wa shule hakosi picha ya kuongeza, hesabu yote inavurugika. Mimi naziunganisha kwanza kwenye Audacity, programu ya bure, natoa faili moja la MP3, ndipo naliingiza. Na iwe MP3 kweli. Dakika moja ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, yenye ubora wa CD ni kama MB 10, wakati MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 1 tu. Kwenye kompyuta ya zamani iliyojaa picha tofauti hiyo unaiona.

Sasa muziki wenyewe. Ushauri wangu, walimu wenzangu, ni kuirekodi kwaya ya shule. Nimeshatumia ala tupu za kwenye mtandao na zinapendeza, lakini hazifiki popote karibu na sauti za watoto wenyewe. Mara ya kwanza tulipoweka kwaya, bibi mmoja wa safu ya mbele alisimama kabisa, akamshika mkono mama aliyekaa naye: “Huyo anayeanzisha ni mjukuu wangu! Nyamazeni nimsikie!” Picha iliyokuwa ukutani wakati ule wala haikuwa ya mjukuu wake.

Kurekodi hakuhitaji studio. Darasa lenye kuta tupu na bati juu linarudisha mwangwi mbaya. Sisi tunaingia maktaba, kwa sababu vitabu vinameza sauti. Simu naiweka juu ya rafu, hatua chache mbele ya waimbaji, feni zimezimwa, kengele ya shule imesimamishwa. Kinasa sauti cha simu yangu kinatoa faili la M4A, na PowerPoint 2016 inalipokea. Msitumiane rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana ule huja katika muundo wa Opus na utalazimika kuubadilisha kwanza. Itumeni kama dokumenti, au ihamisheni kwa waya.

Kuna faida nyingine ya kwaya, nayo ni hakimiliki. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na wimbo wa msanii ni mali yake hata kama umeupata bure kwenye simu. Ukija kuipandisha video ya mahafali YouTube, mfumo wake unaweza kuutambua wimbo na sauti ikazimwa. Kwaya ikiimba utunzi wa mwalimu wenu na ameridhia, hilo halikuhusu. Kama hamna kwaya, ndani ya YouTube Studio kuna maktaba ya sauti za bure, na unaweza kuchuja zile ambazo hazidai hata kumtaja mtunzi.

Google Slides, programu ya slaidi ya mtandaoni, nayo inaweka sauti tangu 2019, na kwa kazi ya kikundi cha wanafunzi naipenda. Lakini wimbo lazima uwe kwenye Google Drive, na ruhusa ya kuusikiliza unaitoa pekee, mbali na ile ya slaidi. Halafu inataka intaneti wakati wa kuonyesha, na mimi sitaki mahafali ya watoto yategemee bando langu. Kwenye PowerPoint, tangu toleo la 2010, wimbo unakaa ndani ya faili lenyewe. Ukitengenezea slaidi kwenye toleo la 2007, kuwa makini, kwani lile haliingizi MP3 ndani ya faili, linakumbuka tu mahali wimbo ulipo. Ukilibeba faili bila wimbo kando yake, unapata ukimya.

Na hapa ukumbini ndipo pa kuhangaikia kuliko kwenye programu. Projekta nyingi za kukodi zinakuja na waya wa VGA, ule wenye kichwa cha bluu na skrubu mbili. Waya huo unapeleka picha peke yake, haubebi sauti hata kidogo. Unahitaji waya wa pili, wenye pini ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la hedifoni la kompyuta, uende kwenye miksa ya fundi mitambo. Ukitumia HDMI, waya unaobeba picha na sauti pamoja, sauti inaweza kuhamia kwenye kispika kidogo cha projekta na spika kubwa zikabaki kimya. Bonyeza alama ya spika karibu na saa ya kompyuta, uchague sauti itokee wapi. Fundi wetu ameshanizoea. Akiniona tu anauliza, “Mwalimu, leo bluu au HDMI?”

Ninachotamani PowerPoint ingekuwa nacho ni muziki kujishusha wenyewe mtu anapoanza kuongea. Kwa sasa napunguza kwa mkono, au slaidi zenye hotuba naziacha bila muziki kabisa.

Mwisho natoa nakala ya video: File, Export, Create a Video. Inakuwa MP4 yenye picha na sauti pamoja, naiweka kwenye flashi. Kompyuta ikigoma, televisheni ya ukumbini yenye tundu la flashi na inayosoma MP4 inaweza kuicheza, na jioni hiyo hiyo inaingia kwenye kundi la wazazi.