Fremu ya tairi pana kwenye mchanga wa Tabora: uzoefu wangu

Mizinga yangu ya nyuki ipo porini upande wa Sikonge, na njia ya kuifikia ni mchanga mtupu. Kwa baiskeli ya kawaida, safari nzima ni kusukuma. Nikanunua ya mtumba yenye tairi za inchi 4, fremu ya aluminiamu.

Ikiwa tupu ilikuwa raha. Upepo psi 8 tu (kipimo cha presha ya tairi), inapita juu ya mchanga bila kuzama. Shida ilianza na mzigo. Fremu haikuwa na matundu ya kufungia keria, nikaibana kwa klampu kwenye mabomba ya nyuma. Sasa madumu mawili ya lita 20 ya asali si mchezo: lita moja ina karibu kilo 1.4, kwa hiyo ni kilo 56 zinazoyumba nyuma yako. Msimu wa pili bomba likapasuka palepale klampu ilipokaba.

Mafundi watatu niliowaendea wanachomelea chuma tu. Na hata ningempata wa aluminiamu, fremu ya namna hiyo hupungua nguvu kandokando ya palipochomelewa mpaka ipikwe upya kwa joto maalumu, kazi ya kiwandani.

Safari hii nikachukua fremu ya kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni. Ni kizito zaidi, naisikia ninapoinyanyua, lakini ina matundu ya keria, na ikipasuka fundi makini ataiunga kwa gesi na shaba. Kwa mtu wa mzigo sioni sababu ya kuchukua nyingine.

Nilikosea jambo moja: sikupima. Habu yangu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa na upana wa milimita 190, fremu mpya ina nafasi ya 170. Haikuingia kabisa, ikabidi ninunue habu nyingine na kusuka gurudumu upya. Nenda na futi kamba, tafadhali. Pima nafasi ya ekseli ya nyuma, kisha ganda la pedeli, lile bomba fupi la fremu linaloshika ekseli ya pedeli: kwenye fremu za tairi pana mara nyingi ni milimita 100, wakati kwenye za kawaida ni 68 au 73. Ukitaka tairi za karibu inchi 5, tafuta fremu yenye nafasi ya nyuma ya 190 au 197.

Halafu tazama uwazi kati ya tairi na fremu. Udongo wa mbuga wakati wa masika hunata mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Yangu inaacha upana wa kidole kila upande, na Machi nilirudi na madumu yangu nikiwa nimepanda.