Review: B-24 Liberator ya Ford (Willow Run) - spea bwerere, ila comfort sahau

Wakuu habari za humu. Nimezoeleka kwa review za magari, IST, Probox, Hilux na hizi pikapu za Ford zinazoingia kwa wingi siku hizi, sasa kuna mdau akaniuliza eti "hao Ford ukitoa pikapu wana kitu gani cha maana", nikamwambia tulia nakuletea ndege. Ndio, ndege, tena ya kudondosha mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, injini nne, na imetoka kwenye laini ya watu waleule wa Model T, lile gari la kale la Ford. Inaitwa B-24 Liberator na leo naipitia vilevile ninavyopitia gari lolote, bodi, injini, ndani kukoje, spea, na ukitaka kuiuza unapata nini.

Kwanza tuelewane, aliyeibuni sio Ford. Ni kampuni ya Consolidated ya San Diego, California, wao ndio waliichora na kuirusha mara ya kwanza Desemba 1939. Shida yao ilikuwa kwenye kutoa nyingi. Januari 1941 bosi wa uzalishaji wa Ford, Charles Sorensen, mzee aliyekuwa na Henry Ford tangu enzi za Model T, akaenda kuwatembelea akakuta mafundi wanaunga ndege nje juani kabisa, bati likipata joto linatanuka, likipoa linanywea, yaani kipande kilichokaa vizuri kwenye ndege hii kwenye ile hakiingii mpaka fundi akipige faili na nyundo. Jamaa akarudi hotelini na usiku huohuo akachora kiwanda kizima kwa penseli, asubuhi akawaambia wakubwa kwamba yeye atatoa ndege moja kila saa. Wenzake walikuwa wanapiga hesabu ya moja kwa siku! Mimi ningekuwepo ningeomba wampime mkojo.

Kiwanda kikaenda kujengwa Willow Run, karibu na Ypsilanti, Michigan, magharibi ya Detroit, kwenye mashamba ya Henry Ford mwenyewe. Ujenzi ukaanza 1941 kabla hata Marekani haijaingia vitani, mchora ramani ni Albert Kahn, yule aliyechora viwanda vingi vya magari Detroit. Laini yenyewe ilizidi urefu wa maili moja, na mbele huko inakata kona ya nyuzi 90, ndege inawekwa kwenye meza kubwa inayozunguka inageuzwa ndio inaendelea na safari. Stori inayosimuliwa ni kwamba ile kona iliwekwa ili jengo lisivuke mpaka kuingia wilaya ya pili yenye kodi kubwa. Tajiri ni tajiri hata vitani.

Sasa hapo kwenye "moja kila saa" ndipo utani ukaanza, maana mwaka 1942 ukapita kiwanda kipo, watu wapo, ndege zinatoka kwa kudonyoa, mpaka watu wakalipindisha jina la Willow Run wakawa wanaulizana "Will it run?", kwamba hivi kitatembea kweli hiki? Na sababu zake mtu wa magari anazielewa haraka sana. Gari la kipindi kile lilikuwa na vipande kama 15,000. B-24 moja ina vipande vinavyozidi milioni moja, na ribiti (zile pini za kushikanisha bati) peke yake ni zaidi ya laki tatu. Halafu Ford wakaja na akili ya gari, wakachonga dai (die, yaani kalibu za kugongea bati) za chuma kigumu kwa ajili ya mapresi yao, wakati watu wa ndege walikuwa wanatumia dai za madini laini ambazo ukitaka kubadilisha unayeyusha unamimina upya. Dai ya chuma kigumu ni nzuri sana kama unachotoa hakibadiliki, unagonga bati leo, unagonga mwakani, linatoka lilelile. Ila vitani ndege inabadilika kila wiki! Marubani wanarudi wanasema ongeza bunduki hapa, ongeza bati la kuzuia risasi pale, hamisha tangi, na kila badiliko Ford anatakiwa atupe dai iliyomgharimu pesa ndefu aanze upya.

Ikabidi yafanyike makubaliano, ndege zitoke kwa mafungu, ndani ya fungu moja hakuna kugusa kitu, marekebisho yanasubiri fungu linalofuata, na yale ya haraka yanaenda kufanyiwa kwenye vituo vingine baada ya ndege kutoka kiwandani. Fikiria unanunua chombo zero kilomita na kutoka showroom kinanyoosha moja kwa moja gereji. Kwenye gari ningewapasua hapa hadharani, kwa hili nawaelewa, maana bila hivyo laini isingetembea hata mita.

Na watu je. Kiwanda kipo porini, nyumba hakuna, wafanyakazi wengi wanatoka Detroit kila siku huku petroli na matairi ni kwa mgao, watu wanaanza kazi Jumatatu Ijumaa hawapo. Serikali ikaja kujenga makazi ya muda jirani na kiwanda lakini weusi wakafungiwa nje, hizo nyumba zilikuwa za wazungu tu, kwahiyo mnapoona picha za "mashujaa wa nyumbani" mkumbuke na hilo. Mwaka 1943 walifika zaidi ya 42,000 mle ndani, na karibu theluthi moja ni wanawake, wengi hawajawahi kushika drili maishani, wanafundishwa kupiga ribiti, mmoja nje na bunduki ya hewa mwenzake ndani kashika chuma cha kupokea, taa taa taa mchana kutwa. Rose Will Monroe, yule dada anayetajwa sana kwenye habari za Rosie mpiga ribiti, yaani ile nembo ya wanawake wa viwandani wakati wa vita, alikuwa hapo hapo Willow Run. Wakaajiri na watu wa kimo kifupi sana kuingia kwenye mabawa ambako mtu wa kawaida hapenyi.

Haya sasa chombo chenyewe. Bodi: mabawa marefu membamba, mita 33 na nusu kutoka ncha mpaka ncha, wanaliita bawa la Davis, limekaa juu ya tumbo, na hili ndilo linaloipa mbio na masafa, inaenda mbali kuliko B-17, ile ndege nyingine ya mabomu ya Marekani, na inabeba mzigo mwingi zaidi. Mkia una mapezi mawili. Milango ya mabomu haifunguki kwenda nje, inajikunja kupanda ubavuni kama shata la duka, kwahiyo ikifunguka haikati upepo sana, hapo nawapa maua yao. Tupu ina tani 16 na ushee, ikijaa inakaribia tani 29. Tairi la mbele lipo puani badala ya mkiani, kwa hiyo chini rubani anaona anakokwenda, sio zile za kuinua pua juu unaendesha kwa kubahatisha.

Injini: nne za Pratt & Whitney R-1830, silinda 14 kila moja, farasi 1,200 kila moja, zina tabo (turbo) ya kusaidia kuvuta juu ambako hewa ni nyepesi. Na hapa kuna kitu kimenichekesha sana, nyingi ya hizo injini ziliundwa na Buick! Yaani bodi ya Ford, injini ya General Motors, mahasimu wakubwa wa barabarani wamefungwa kwenye chombo kimoja na inaruka. Leo mtu akikuwekea injini ya kampuni nyingine kwenye Ford yako unaenda kumshtaki.

Mafuta anabeba zaidi ya lita 8,000 na hapo ndipo kasoro namba moja ilipo, mfumo wa mafuta una tabia ya kuvuja, harufu inajaa tumboni, marubani wengi walikuwa wanaacha milango ya mabomu wazi kidogo wakati wa kupaa ili mvuke utoke. Usukani mzito balaa, ukitaka kukaa kwenye msafara na wenzako masaa 7 au 8 mikono inakufa. Na bawa lile lile nililolisifia, likipigwa vibaya linakatika, B-17 ilikuwa inarudi nyumbani imetobolewa kila mahali lakini Liberator haikuwa na uvumilivu huo. Ukitua baharini ndio usiseme, tumbo linapasuka.

Ndani sasa. Wakuu, hakuna insulation, hakuna presha, unakaa mita 6,000 mpaka 7,000 huko, oksijeni kwa mpira, baridi inafika nyuzi 40 chini ya sifuri, watu wanavaa suti za kuchomeka umeme na ukivua glavu ukashika chuma ngozi inabaki pale. Kupita kutoka mbele kwenda nyuma unatembea kwenye mbao, sorry, chuma chembamba cha upana kama sentimita 23 katikati ya mabomu, parachuti mgongoni hupiti. Mlango wa kutokea uko nyuma, sasa wewe rubani wa mbele ndege ikiwaka moto jibebe mwenyewe. Ndio maana waliokuwa wanairusha waliibatiza "jeneza linaloruka". George McGovern, yule aliyekuja kuwa seneta na kugombea urais wa Marekani 1972, alirusha misheni 35 kwenye Liberator na akatoka salama, kwahiyo sio kwamba hazirudi, ila sikudanganyi kwamba ni starehe.

Kwahiyo kama chombo, nampa Ford nyota tatu, na moja hapo ni ya bawa ambalo hata sio lake. Ila nyie mnanijua mimi kwenye review nauliza kwanza spea, na kwenye spea Ford anawaacha wenzake mbali. Ile dai ngumu iliyomtesa 1942 ndiyo iliyomwokoa 1944, maana bati la ndege ya asubuhi linaingia kwenye ndege ya jioni bila faili bila nyundo. Tena hakuwa anaunga ndege zake tu, alikuwa anapakia ndege nzima vipande vipande kwenye matrela, zinapelekwa Tulsa kwa kampuni ya ndege ya Douglas na Fort Worth kwa Consolidated, wanaunga huko. Kit kabisa, ya ukubwa wa nyumba! Jumla Willow Run ilitoa Liberator 8,685, kati ya hizo 6,792 zimeruka zenyewe kutoka getini na 1,893 zimeondoka kama kit. Liberator zote za viwanda vyote ni zaidi ya 18,000, kwahiyo Ford peke yake yuko karibu na nusu. Mwaka 1944 kilele kilifika ndege 428 kwa mwezi mmoja, kwa masaa waliyofanya kazi ni kama ndege moja kila dakika 63. Sorensen kakosa dakika tatu, mimi namsamehe, ila kumbukeni alipofika hapo vita vilikuwa vimeshakwenda mbali, mafundi na marubani wa kwanza walikufa na ndege za San Diego. Ile misheni maarufu ya kupiga mitambo ya kusafisha mafuta ya Ploesti, Romania, Agosti 1943, Liberator 54 zilipotea siku moja, hazikuwa za Ford kwa sehemu kubwa. Huo mwaka mmoja na nusu wa kuchelewa ndio unaofanya nisimpe kiwanda nyota tano. Nampa nne.

Resale value: hakuna. Ya mwisho ilitoka Juni 1945 na vita vilipoisha serikali ikazipaki jangwani, Kingman kule Arizona, maelfu kwa maelfu, zikakatwakatwa na kuyeyushwa, nyingine hazikuwahi hata kutumika vizuri. Waliopata dili ni Wahindi. RAF, jeshi la anga la Uingereza, walikuwa na Liberator nyingi India, ndizo zilizokuwa zinaenda kupiga reli na madaraja ya Wajapani Burma, upande uleule ambako wazee wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza huku kwetu), divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walikuwa wanasukuma bonde la Kabaw kwa miguu 1944. Vita vimeisha RAF wakaziacha Kanpur na kuziharibu makusudi zisitumike tena. Mafundi wa Hindustan Aircraft wakazipitia moja moja, wakang'oa huku wakafunga kule, na jeshi la anga la India likaja kuzirusha mpaka 1968. Hiyo ndiyo maana ya spea kuingiliana!

Kiwanda chenyewe kilihamia kwa Kaiser-Frazer wakaunda magari, baadaye General Motors wakachukua kwa ajili ya gearbox za automatiki, wakafunga 2010, sehemu kubwa ikabomolewa. Kipande kimoja kiliokolewa na watu wa makumbusho ya ndege ya huko Michigan.

Mlioko Uingereza msisumbuke kupanda ndege kwenda Marekani, iliyopo Duxford karibu na Cambridge, kwenye jumba la American Air Museum, ni B-24M ya Willow Run halisi. Na Liberator namba KN751 ya RAF Museum nayo ni ya Ford, ni moja ya zile zilizobaki India, ikarudishwa Uingereza 1974. Mkienda inameni muangalie chini ya tumbo, kwenye mistari ya ribiti, halafu mlinganishe na ndege yoyote ya jirani. Mwenye swali la spea za Ranger aje inbox, hii comment section ni ya ndege tu leo.