Ziara ya Anasa Nyanda za Juu Kusini: Cha Kulipia na cha Kuacha

Anasa ya kitalii imekuwa ikipita Mbeya kwa miaka mingi, lakini imekuwa ikipita tu. Treni ya kifahari ya Rovos Rail, inayosafirisha wageni kati ya Cape Town na Dar es Salaam, huingia nchini kwa reli ya TAZARA pale Tunduma, na abiria wake huiona milima yetu wakiwa wameketi nyuma ya vioo. Sasa wapo waongoza watalii wa hapa wanaouza kitu cha namna nyingine: ziara ya siku chache ambamo mgeni analala katikati ya shamba la kahawa, anaonja kahawa kama waonjavyo wataalamu, anakishika kimondo cha Mbozi kwa mikono yake, anaandaliwa meza juu ya Ziwa Ngosi, kisha anamalizia Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Nilikwenda na mwenzangu mwishoni mwa Julai. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa njia hiyohiyo huuzwa na zaidi ya kampuni moja, na ninachopima hapa ni ziara yenyewe: kipi ndani yake kinastahili fedha, na kipi kimewekwa ili bei ipande.

Bei hiyo, kwa Mtanzania anayelipa kutoka mfukoni mwake, si ya kuchekea. Inajumuisha gari, dereva, mwongozaji, malazi, chakula na viingilio, lakini si vinywaji. Jambo la kwanza la kuuliza kabla ya kulipa ni hesabu ya viingilio, maana kiwango cha Mtanzania na cha mgeni kutoka nje havilingani, na bei tuliyopewa mwanzoni haikuonyesha tofauti hiyo. Tulipouliza, waliirekebisha bila ubishi. Asiyeuliza, nadhani, hulipa.

Siku ya kahawa ndiyo bora kuliko zote, na ningeilipia tena hata kama ingeuzwa peke yake. Julai ni msimu wa kuchuma, kwa hiyo shamba lilikuwa na watu wa kazi, si maonyesho yaliyopangwa kwa ajili yetu. Mwongozaji, kijana wa Mbozi aliyekulia kwenye shamba la kahawa la wazazi wake, alitupa vikapu na kutuonyesha namna ya kuchagua tunda lililoiva sawasawa, jekundu pande zote, na kuliacha la kijani kwenye tawi lake hata kama vidole vimeshalifikia. Mchana tuliyafuata matunda yetu hadi kwenye mashine ya kumenyea, tukaona punje zikitoka na ute wake, zikiingizwa kwenye matangi ili ute huo ulegee kwa kuchachuka. Punje za siku zilizotangulia zilikuwa zikioshwa kwenye mifereji na kusukumwa kwa majembe ya mbao, na za kabla ya hizo zilikuwa zimeanikwa juu ya vichanja, ambapo akina mama walizipitia kwa mikono wakiondoa zilizopasuka na zilizobadilika rangi. Nilielewa hapo, kwa mara ya kwanza, kwa nini mkulima huuliza habari za mvua kila anapofika mtu kutoka barabarani: mvua ya saa moja ikizikuta punje hazijafunikwa, kazi ya wiki nzima inashuka daraja.

Kuonja kulifanyika jioni, katika chumba chenye meza ndefu na vikombe vilivyopangwa kwa safu. Maji yaliyotulia kidogo baada ya kuchemka humiminwa moja kwa moja juu ya unga wa kahawa, na baada ya dakika 4 utando unaopanda juu huvunjwa kwa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa na kikombe, maana harufu ya wakati huo hairudi tena. Kisha povu huenguliwa, na kahawa huvutwa kutoka kwenye kijiko kwa kelele ili isambae mdomo mzima, halafu hutemwa. Mama anayesimamia kazi hiyo aliona mwenzangu akinywa kwa staha akamwambia, "Vuta kwa sauti, mwanangu, adabu ya mezani tumeiacha mlangoni." Alituwekea kahawa ya daraja la AA, yenye punje kubwa, kando ya PB, ambayo hutokana na tunda lililozaa punje moja ya mviringo badala ya mbili zilizobanana, na kikombe cha tatu kilichotengenezwa makusudi kwa punje zenye kasoro. Hicho cha tatu ndicho kilichotufundisha zaidi, kwa kuwa ukishaonja uchachu wake unaelewa walichokuwa wakikiokota wale mama wa vichanjani. Sisi wa Mbeya tunalima kahawa na kunywa chai, na sioni aibu kusema kwamba meza ile ilinionyesha zao la kwetu kwa namna ambayo miaka yote ya kupita kando ya mashamba hayo haikuwahi kunionyesha.

Malazi ni mazuri. Nyumba zimejengwa mbalimbali, kila moja na mahali pa kuwashia moto, na jioni huandaliwa bafu la nje lenye maji yaliyopashwa kwa kuni, linalotazama shamba. Julai ya Mbeya ina baridi kali, na mtu aliyetumbukia katika maji yale huku uso ukipigwa na upepo atakubali kwamba hiyo ni anasa kweli. Chakula cha huko ndicho kilichonishangaza kwa ubaya. Katika mkoa wenye viazi vya Uporoto, maparachichi ya Rungwe na mchele wa Kyela, mpishi alituletea tambi zenye mchuzi wa maziwa usiku mmoja na nyama iliyozungukwa na mboga za kuchovya usiku uliofuata. Tuliomba ndizi, tukaambiwa hazimo kwenye orodha. Mgeni wa Dar es Salaam au Nairobi hapandi milima yote hii ili ale kilichopo kwenye hoteli ya mtaani kwake.

Kimondo cha Mbozi kipo mkoani Songwe, kiasi cha kilomita 70 kutoka Mbeya mjini, ukichepuka kutoka barabara ya Tunduma. Hapa ziara haiongezi anasa yoyote, na nashukuru kwamba haikujaribu. Ni bonge la chuma lenye urefu wa takriban mita 3, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Kubwa kuliko yote yanayojulikana duniani ni Hoba la Namibia, lenye tani zipatazo 60, lakini hili la kwetu nalo limo katika orodha ya makubwa. Lilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1930, ingawa wenyeji walilifahamu kabla ya hapo. Wakati huo sehemu yake kubwa ilikuwa bado imefukiwa, ndipo udongo ukachimbwa kulizunguka na kuachwa nguzo chini yake, ambayo baadaye iliimarishwa kwa zege. Shimo la kuangukia halipo, na hilo ndilo swali analouliza kila mtu. Mwongozaji wetu alieleza vizuri kwamba huenda kilianguka zamani sana, kiasi kwamba alama zake zimeshafutika ardhini. Gusa ubavu wake wenye vishimo, halafu tafuta mahali palipokatwa na watafiti waliochukua sampuli: chuma kiasi cha asilimia 90, sehemu kubwa ya kilichobaki ikiwa ni nikeli. Saa moja inatosha, na mwongozaji aliyejiandaa ndiye anayeifanya saa hiyo isiwe ya kupiga picha na kuondoka.

Siku ya Ngosi inahitaji kusemwa kwa uangalifu, kwa sababu ni siku nzuri iliyofungwa kwenye mapambo yasiyo na kazi. Ziwa lenyewe limejaa ndani ya bonde la volkano katika safu ya Uporoto, lina urefu wa takriban kilomita 2.5, halina mto unaotoka, na kuta zake ni za mwinuko mkali uliofunikwa na msitu. Njia ya kulifikia huanzia upande wa Isongole, kwenye barabara ya Tukuyu, hupita katikati ya mianzi na migomba mwitu, na sehemu ya mwisho hupandwa kwa kushika mizizi. Mwongozaji alitupumzisha mara kadhaa, na kila tulipokaa alisimulia kipande cha simulizi za ziwa hilo, za nyoka wake na za rangi ya maji inayobadilika, kwa ustadi wa mtu anayejua mahali pa kukatiza ili tuinuke tukaendelee. Juu ya ukingo, kwenye zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, tulikuta meza yenye kitambaa cheupe, viti viwili, glasi za vioo na vijana wanne waliotangulia kuvipandisha vyote hivyo kwa vichwa na migongo. Walikuwa wamelowa jasho wakiwa wamesimama kwenye upepo wa baridi, wakisubiri tule ili wavishushe. Supu ilikuwa imepoa. Glasi zilimfaa mpiga picha wa kampuni tu. Ningefurahi zaidi kukaa kwenye gogo na vijana hao, chupa ya chai ya tangawizi katikati yetu, na fedha ya meza wakalipwa wao. Nilipoulizia, niliambiwa kwamba mgeni anaweza kuikataa meza mapema na bei ikapungua, jambo ambalo tangazo lao halilisemi popote.

Tangazo hilo lina dosari nyingine iliyo kubwa zaidi. Picha yake ya kwanza ni ya uwanda wa Kitulo uliotapakaa maua, na maelezo ya chini yake yanaahidi "msimu wa kahawa na maua ya porini". Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na yenye aina zaidi ya 40 za okidi, huchanua katika majira ya mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Kahawa huchumwa wakati wa kiangazi. Anayekwenda Julai ataona vichanja vimejaa na uwanda umekauka, na anayekwenda Februari atapata maua, lakini mashine ya kumenyea itakuwa imelala. Kila msimu una uzuri wake na hakuna ubaya kuchagua mmoja, ila mteja aambiwe ukweli, asiuziwe misimu miwili inayokinzana kwa risiti moja.

Daraja la Mungu na Kijungu, yote mawili kwenye mto Kiwira, yamewekwa njiani kuelekea Kyela. La kwanza ni tao la mwamba wa volkano ambalo mto umelipitia chini, la pili ni tundu ambamo mto mzima unazama kwa kishindo na kutokea mbele. Kijungu kipo katika eneo la Magereza, kwa hiyo kuna kujiandikisha getini na kuelekezwa nini kisipigwe picha. Tulifanya haraka, na haraka ilitosha.

Kutoka Tukuyu barabara inashuka na makoti yanavuliwa moja baada ya jingine. Asubuhi ya kuamkia Ngosi tulikuwa na glavu, na jioni iliyofuata tulikuwa Matema, zaidi ya mita 2,000 chini ya ukingo ule, tukitafuta feni. Milima ya Livingstone inasimama moja kwa moja kutoka majini, na mchanga ni mwembamba na safi. Malazi ya hapa ni ya kawaida, maji ya moto hayana uhakika, na kampuni inayatoza kwa bei ya kule shambani, jambo ambalo si haki. Lakini jikoni wanapika cha kwao. Tuliletewa samaki aina ya mbasa aliyebanikwa, wali wa Kyela unaonukia kabla sahani haijatua, na ndizi mbalaga, na mwenye nyumba akasimama mlangoni mpaka alipoona tunaongeza. Hicho ndicho chakula ambacho bei ya ziara nzima ilipaswa kukinunua tangu siku ya kwanza.

Kwa boti ya injini unakwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi, wafinyanzi wanaojulikana kando yote ya ziwa. Kabla ya kupanda, dai jaketi okozi: yetu yalikuwepo, ila yalikuwa stoo, na yaliletwa baada ya mwenzangu kukataa katakata kuingia botini. Kijijini mwongozaji alitupeleka kwa bibi mmoja, akamwamkia kwa Kiswahili cha heshima, "Shikamoo bibi," akajibiwa marahaba, na mengine yote yakaendelea kwa lugha ya pale huku akitutafsiria kwa sauti ya chini. Bibi alikuwa akikizungusha chungu kibichi juu ya kigae, kiganja kimoja ndani na kingine nje, ukuta wa udongo ukipanda na kuwa mwembamba bila kuyumba, kisha akaukwangua kwa kipande cha kibuyu mpaka mistari ya vidole ikapotea. Hakutuangalia. Mwenzangu alipewa bonge la udongo ajaribu, na chombo chake kilipoanguka ubavu bibi alicheka, akakirudisha kwenye udongo uliobaki, akaendelea na kazi. Malipo ya ugeni huo alikabidhiwa yeye mwenyewe mkononi mbele yetu, na kwa utaratibu huo kampuni naisifu bila kusita.

Anayepanga kwenda aombe siku ya Matema iangukie Jumamosi, siku ya mnada wa vyungu pale Lyulilo, kwa sababu ratiba ya kawaida haiufuati na sisi tuliufikia kwa kuhamisha usiku mmoja. Vyungu avifunge kwa majani makavu ya migomba, ambayo wauzaji wanayo, na avilaze sakafuni mwa gari kati ya viti, asiviweke juu ya mizigo, kwa kuwa kutoka Kyela hadi Tukuyu kona ni nyingi na madereva wa huko hawazipunguzii mwendo.