Vitone vya dirishani: vinamwokoa anayepita, havimtulizi anayepigana

Kama ndege wanajibamiza kwenye dirisha lako kwa bahati mbaya, nunua vitone hivi vya gundi, vinavyobandikwa kwenye kioo ili ndege wakione, na ubandike leo. Kama una ndege mmoja anayerudi kila asubuhi kukidonoa kioo kilekile, usivitegemee. Nimevibandika kwenye madirisha mawili ya nyumba yangu, kila moja na tatizo lake, na ninaandika kwa sababu pakiti imeyachanganya matatizo hayo kana kwamba ni moja.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko chini ya dirisha dogo kwa ajili ya mwanga, na hapo ndipo chozi dume, yule ndege mdogo wa kwenye maua, alipokuwa akija kupigana. Anatua kwenye kizingiti, anatandaza mbawa, anadonoa, anaruka juu kidogo, anadonoa tena. Nikifungua dirisha anaenda zake, nikilifunga anarudi. Dirisha la pili ni la sebuleni, pana, linatazama miti. Huko hakuna aliyepigana. Ndege walikuja kwa kasi, wakagonga mara moja, na baadhi yao hawakuinuka.

Wa sebuleni hakioni kioo kabisa. Kinachomjia machoni ni miti na anga vilivyoakisiwa, naye anaamini kuna njia. Daniel Klem, mwanasayansi wa Marekani aliyelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970, alikuta kwamba karibu nusu ya migongano huishia kwenye kifo, na anayeonekana kupata nafuu na kuruka anaweza kufa baadaye kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa majengo ya Marekani peke yake huua ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 kila mwaka. Niliposoma tarakimu hizo niliacha kuona dirisha la sebuleni kama pambo.

Chozi wangu ana shida nyingine kabisa. Yeye anamwona dume mwenzake. Msimu wa kuzaana ukifika, dume hulinda eneo lake, na dume mgeni akiingia lazima afukuzwe. Kati ya ndege wa kweli ugomvi huo huwa mfupi: mmoja anatishika, anaondoka, mambo yanakwisha. Wa kwenye kioo haondoki. Ukimkaribia anakukaribia, ukitandaza mbawa naye anatandaza, ukimdonoa anakudonoa palepale. Hashindwi wala hashindi, na ndiyo maana mwenye eneo hawezi kuacha. Ndege wengi hawajitambui kwenye kioo. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la ndege wa jamii ya kunguru, weusi kwa weupe wenye mikia mirefu, waliobandikwa alama ya rangi shingoni. Baadhi yao walipojiona kwenye kioo walianza kuikwaruza ile alama kwenye miili yao wenyewe. Lilikuwa jambo la ajabu kwa sababu ni nadra. Mumbi wa kusini mwa Afrika, pamoja na ukubwa wake wote, huvunja vioo vya nyumba za watu kwa mdomo akipambana na taswira yake.

Na saa anazokuja zina sababu. Nje kukiwa na mwanga mkali na chumba kikiwa na kiza, kioo hugeuka kuwa cha kujitazamia. Jioni nikiwasha taa ndani, yule mpinzani anatoweka, na chozi haji.

Sasa bidhaa yenyewe. Vitone huja vimepangwa kwenye utepe. Unasafisha kioo upande wa nje, unabandika utepe, unasugua kwa kipande cha plastiki, kisha unauvuta taratibu na vitone vinabaki. Kazi yangu ni vipimo, kwa hiyo nilipitisha futi juu, chini na pembeni: sentimita 5 kila upande, na sikukuta mahali palipopinda. Nafasi hiyo ndiyo roho ya kitu hiki, kwa sababu ndege mdogo huruka katika upenyo wowote anaodhani utamtosha. Mvua imenyesha, nimeosha kioo kwa kitambaa na sabuni, na gundi bado imeshika. Mwanga haukupungua kwa kiasi cha kunisumbua. Bado natunga sindano kwa uzi mweusi bila kuwasha taa.

Sebuleni migongano imekoma. Wala sikushangaa sana. Ukumbi wa mikutano wa McCormick Place huko Chicago ulipoteza karibu ndege 1,000 usiku mmoja wa Oktoba 2023. Mwaka uliofuata vioo vyake vilibandikwa vitone vya namna hii, na vifo vikashuka kwa takribani asilimia 95.

Kwa chozi, vitone havikubadilisha kitu. Anakaa kwenye kizingiti, mdomo karibu uguse kioo, na katika ile nafasi ya sentimita 5 kati ya kitone na kitone kichwa cha adui na kifua chake chote kinaenea. Kilichomwondoa ni kipande cha sabuni. Nilikipaka kioo upande wa nje, sehemu ya chini anayotua, mpaka kikawa na ukungu mweupe usioakisi chochote lakini unaopitisha mwanga. Akahamia dirisha la jikoni, nikapaka na hilo. Gari la jirani lilifunikwa vioo vya pembeni kwa mifuko. Basi, akarudi kwenye maua na kiota chake, mahali alipohitajika. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana mapambano yale hayamuui mara moja, ila yanamla nguvu ambazo makinda wanazitegemea. Msimu ukipita, sabuni unaifuta.

Ninachowalaumu watengenezaji ni maelezo yao. Karatasi ya ndani inasema unaweza kubandika upande wa chumbani ikiwa nje hakufikiki. Hapana. Taswira ya miti inatokea kwenye uso wa nje wa kioo, na vitone vilivyo ndani hufichwa nyuma yake saa zilezile vinapohitajika. Wameongeza pia zawadi ya stika moja ya kivuli cha mwewe. Ndege huikwepa na kugonga hatua moja pembeni, kwa hiyo mimi sikuibandika. Na picha ya kwenye pakiti inaonyesha ndege ametua kizingitini akidonoa! Huyo siye anayesaidiwa na vitone, na mtu mwenye chozi kama wangu atanunua, atabandika dirisha zima, kisha atasema havifai, avibandue hata pale vilipokuwa vikiokoa maisha.

Ukiagiza, pima kioo chenyewe bila fremu, na uongeze kidogo kwa ajili ya pembe. Anza kubandika juu ukishuka. Subiri kioo kikauke kabisa, kwa sababu kitone kilichokuta unyevu hung'oka pamoja na utepe wake, na hakishiki tena.