Analaiza ya oksijeni ya mkononi: ya seli au ya mawimbi ya sauti?

Kazi yangu ni kutunza vifaa tiba, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni oksijeni: mitungi, konsentreta (mashine zinazotenga oksijeni kutoka kwenye hewa), mashine za kupumulia, sipapu (vifaa vya kusukuma hewa mapafuni) za watoto njiti. Kwa hiyo analaiza haikai kabatini kwangu, inakaa mfukoni mwa koti. Nimezitumia za aina mbili kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake, na nawaandikia mafundi na wauguzi wanaotafuta ya kununua, au waliokabidhiwa moja bila kuambiwa inafaa wapi na haifai wapi. Sitaji chapa. Tofauti kubwa haipo kwenye jina lililobandikwa juu ya kasha, ipo kwenye kihisi kilicho ndani.

Tuelewane kwanza kifaa chenyewe. Pulse oksimita, ile ya kubana kidoleni, inapima oksijeni iliyokwisha kuingia kwenye damu. Analaiza inapima gesi yenyewe kabla mgonjwa hajaivuta. Mara kwa mara naulizwa, "Fundi, oksimita tunayo, hiyo nyingine ya nini?" Chukua mtoto mwenye nimonia. Amewekwa kwenye konsentreta, kigololi cha flomita, kipimo cha mtiririko wa gesi, kimesimama lita 2, mapovu yanapanda kwenye chupa ya maji, mashine inanguruma kama siku zote, na oksimita inasoma 84. Muuguzi ataongeza lita, atabadilisha mpira, atamwita daktari na kumwambia mtoto anazidiwa. Macho yake hayana namna ya kumwonyesha kwamba gesi inayotoka pale haifiki hata asilimia 60. Mapovu yanatoka hata ukipitisha hewa ya kawaida, na kigololi kinapandishwa na gesi yoyote ile.

Nimeshachomeka analaiza kwenye mashine ya namna hiyo, mashine iliyokuwa ikisifiwa wodini kwa kuwa haijawahi kusumbua. Namba ikapanda 30, 40, 50, ikapita 60 kidogo, ikagoma hapo. Chembe za zeolaiti ndani yake zilikuwa zimekwisha kwa unyevu. Zeolaiti ndiyo inayokamata nitrojeni na kuiacha oksijeni ipite, na ikishalowa haikamati tena. Shirika la Afya Duniani linataka konsentreta itoe zaidi ya asilimia 82 katika mtiririko wowote ulioandikwa kwenye mashine, na nyingi zikiwa nzima zinatoa kati ya 90 na 96. Mashine mpya zina taa ya kuonya kiwango kikishuka. Za zamani nyingi hazina, na taa nayo inategemea kihisi cha ndani ambacho kinazeeka pamoja na mashine. Ndiyo maana nasema wodi yenye konsentreta bila analaiza inatoa dawa isiyojua nguvu yake.

Sasa kwenye vifaa vyenyewe.

Ya kwanza ni ya seli. Ni kijisanduku cha kushika mkononi, kina skrini, vitufe viwili vitatu, na kihisi cha duara chenye ukubwa wa kifundo cha kidole gumba, ama kimefungwa ndani ama kinaning'inia kwenye waya wa kujikunja. Kihisi hicho kwa kweli ni betri. Ndani mna madini ya risasi upande mmoja, madini kama dhahabu upande mwingine, na katikati maji ya kemikali, kwa kawaida potasiamu haidroksaidi. Oksijeni inapenya utando mwembamba, inakutana na kemikali hiyo, risasi inageuka oksidi, na umeme kidogo unazaliwa. Oksijeni ikiwa nyingi, umeme unaongezeka kwa uwiano uleule. Kwenye hewa ya kawaida seli nzima inatoa milivolti kumi hivi. Analaiza inasoma umeme huo na kukuandikia asilimia.

Ninachokipenda hapa ni kwamba seli inatambua oksijeni yenyewe. Iwe imechanganywa na hewa kwenye blenda, iwe inatoka kwenye mtungi, iwe inapita kwenye mashine ya kupumulia, haijali kilichobaki ni nitrojeni au agoni, gesi nyingine iliyomo hewani. Unaweka kiungo cha T kwenye njia ya hewa, unasubiri kama robo dakika hadi namba itulie, unasoma. Watu wengi hawasubiri. Wanaona 71 inapanda, wanaandika 71 kwenye fomu, wanaondoka. Acha itulie.

Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: inakufa. Risasi inaliwa kila inapokutana na oksijeni, na hewa ya chumba ina asilimia 20.9, kwa hiyo inaliwa hata kifaa kikiwa kimezimwa juu ya meza. Nyingi zinadumu mwaka mmoja hadi miwili, mitatu kwa nadra, na zikitumiwa muda mrefu kwenye oksijeni nyingi zinaisha mapema. Kununua seli nne za akiba kwa mpigo ni kupoteza fedha, maana nazo zina tarehe zake hata zikiwa ndani ya pakiti. Nunua moja ya akiba, andika tarehe ya kuifungua kwa kalamu ya wino mzito juu ya seli yenyewe, maliza.

Na hapa ndipo ningependa kila muuguzi asome mara mbili. Seli inayokaribia kufa haikwambii. Ukiiweka kwenye hewa ya chumba na kufanya kalibresheni, yaani kuirekebisha isome sawa, inakubali na kuonyesha 20.9 bila tatizo lolote. Umeme kidogo bado inaweza kuutoa. Ipeleke kwenye oksijeni tupu ya mtungi: haifiki 100. Inaishia 88, au 80, kwa sababu haina tena nguvu ya kutoa umeme mwingi. Fundi asiyejua hilo atalaumu mtungi, au atalaumu konsentreta nzima na kuitoa wodini. Kwa hiyo usiridhike na hewa ya chumba peke yake. Fanya 20.9, kisha fanya 100 kwa mtungi unaouamini. Seli ikishindwa kufika juu, itupe siku hiyohiyo, tena usiitupe kwenye taka za kawaida, maana ina risasi na ile kemikali inaunguza ngozi. Ukiona imelowa pembeni, vaa glavu.

Kuna mambo mengine mawili yanayoipotosha. Moja ni presha ya hewa. Seli haipimi asilimia hasa, inapima mgandamizo wa oksijeni na kuugeuza kuwa asilimia. Ukifanya kalibresheni usawa wa bahari na kupanda nayo mita 1,500, hewa ileile itasomeka kama 17 na nusu hivi. Hakuna kilichoharibika, fanya kalibresheni upya mahali unapofanyia kazi. Jingine ni unyevu. Hewa iliyopashwa moto hadi nyuzi 37 na kushiba mvuke ina nafasi ndogo ya oksijeni, kwa kuwa mvuke umechukua sehemu yake. Oksijeni iliyokuwa 100 ikiwa kavu itasomeka karibu 94. Mimi huweka kihisi kabla ya chupa ya maji, sio baada yake, na huelekeza uso wa kihisi chini ndani ya kiungo cha T ili tone likitokea lianguke, lisikae juu ya utando. Tone moja tu juu ya utando linatosha kuifanya namba igande.

Aina ya pili ni ya mawimbi ya sauti. Hii haina seli ya kuliwa. Inarusha sauti isiyosikika ndani ya bomba dogo na kupima inavyosafiri. Molekuli ya oksijeni ina uzito wa 32 na ya nitrojeni 28, hivyo sauti inakwenda polepole zaidi ndani ya oksijeni, na kwa kasi hiyo kifaa kinapiga hesabu ya asilimia. Ya kwangu inaonyesha pia mtiririko kwa lita, na hilo limenisaidia sana, kwani flomita ya konsentreta nayo hudanganya. Unachomeka mpira, unapata asilimia na lita kwa pamoja, unahamia mashine inayofuata. Siku ya ukaguzi, konsentreta zikiwa zimepangwa mstari karakana nzima, hakuna kifaa ninachokipenda kuliko hiki. Haina kihisi cha kubadilisha kila mwaka, na kwa kituo kisicho na uhakika wa kupata vipuri hilo peke yake linaweza kuamua.

Lakini isitoke karakana kwenda kitandani. Kifaa hiki hakitambui oksijeni, kinatambua uzito wa gesi, na kinaamini kwamba kilichomo ni mchanganyiko unaotoka kwenye konsentreta. Konsentreta inaondoa nitrojeni lakini agoni inabaki na oksijeni, ndiyo maana mashine nzuri kabisa inaishia kwenye 95 au 96 na sio 100, na mtengenezaji wa analaiza ameshaiweka agoni hiyo kwenye hesabu. Ukiibeba hadi kwenye saketi ya mgonjwa yenye mvuke, au kaboni dioksaidi ya pumzi yake, au gesi ya usingizi chumba cha upasuaji, hesabu inavurugika. Itakupa namba, tena namba yenye desimali, na namba hiyo sio kweli. Mwongozo wa ya kwangu umeandika wazi kuwa ni ya konsentreta. Nimewahi kuikuta imetundikwa kwenye sipapu ya mtoto njiti, mahali sitapataja, na niliitoa palepale kabla hata ya kusalimia.

Nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu ya macho ya watoto hao. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, watoto njiti walifungiwa ndani ya inkubeta zilizojazwa oksijeni kwa nia njema kabisa, na inakadiriwa watoto 10,000 duniani walipofuka, kwa sababu oksijeni ya kupita kiasi inaharibu mishipa midogo ya damu ndani ya jicho ambalo halijakomaa. Na oksimita haitoshi kuwalinda. Damu ikishashiba, inasoma 99 au 100 iwe oksijeni imezidi kidogo au imezidi mara tatu. Mtoto njiti anayeongezewa oksijeni anatakiwa abaki kati ya 90 na 95 kwenye oksimita, na anayesimamia blenda anahitaji kujua kwa hakika kama 30 iliyoandikwa kwenye kitasa ndiyo 30 inayotoka. Blenda zinachakaa. Nimezikuta za kitasa 30 zinazotoa 45.

Kuna na aina ya tatu. Mwaka 1940 mkemia Mmarekani Linus Pauling alibuni kipimo cha oksijeni kinachotumia sumaku, kwa sababu jeshi la majini la Marekani lilitaka kujua hewa ya ndani ya nyambizi ikoje. Oksijeni inavutwa na sumaku, nitrojeni haivutwi. Vipimo vya namna hiyo baadaye viliingia kwenye inkubeta, na njia yake bado ipo ndani ya mashine kubwa za usingizi. Ni sahihi sana na seli yake haiishi, ila kwa kazi ya kuzunguka wodini sijaona sababu ya kuitafuta.

Kama una fedha ya kifaa kimoja tu, na una wagonjwa kwenye blenda, sipapu au mashine za kupumulia, nunua ya seli. Itakufanyia na kazi ya konsentreta pia. Kama una konsentreta tupu na hakuna mtu wa kuagiza vipuri, nunua ya mawimbi na bandika karatasi juu yake: KONSENTRETA TU. Ukiweza zote mbili, ya seli ikae wodini kwa muuguzi, ya mawimbi ikae kwa fundi.

Na kabla hujalipa ya seli, mwulize muuzaji maswali haya: seli iliyomo imetengenezwa lini, nyingine inapatikanaje, na inachukua muda gani kufika. Akianza kukueleza rangi ya skrini na ubora wa begi lake, rudia swali la kwanza. Mimi huomba pakiti ifunguliwe mbele yangu, nasoma tarehe kwenye seli kwa macho yangu, kisha naiwasha na kuipeleka kwenye mtungi palepale. Ikifika 100 ikatulia, nalipa.